Unga wa Kunenepesha

Noah ya abiria ilipotoka Ilongero kwenda Singida mjini, Leah alikuwa kiti cha nyuma, wala hakuwa na nia ya kusikiliza mambo ya watu. Lakini mbele yake mfugaji mmoja, mzee Alphonce, alikuwa akimsimulia mama muuza kitimoto aliyekutana naye humo garini habari za unga wa njano aliouziwa achanganye kwenye pumba. Mfuko wenyewe haukuwa na maandishi yoyote.

"Wiki tatu tu, mama, nguruwe wakajaa mapaja," alisema. "Sasa wanatetemeka, wanahema kama wamekimbizwa. Leo asubuhi mmoja ameshindwa kusimama."

"Uliacha lini kuwapa?"

"Sijaacha. Aliyeniuzia alisema nikiacha watakonda."

Yule mama alijivuta pembeni, ingawa nafasi ya kujivuta haikuwepo. "Na hao ndio unataka ninunue?"

"Nyama yao haina mafuta. Wateja wako si ndiyo wanayoitaka?"

"Wanaitaka. Na wewe, baba, kwako utaila?"

Mzee Alphonce alitazama nje. "Kwanza nikamuulize daktari wa mifugo," alisema polepole.

Leah alisogea mbele asikie vizuri zaidi. Mumewe alinunua unga kama huo Jumatatu. Gari liliposimama stendi, wale wawili waliteremka wakiendelea kubishana, naye Leah akampigia mumewe simu palepale kitini.

"Peniel, usiwape nguruwe ule unga!"

"Mbona wameshakula," Peniel alijibu kwa furaha. "Tena leo nimewazidishia."