Zamu ya Mama Adero Kukaguliwa Mifuko

Ndugu msomaji, nakusihi, ukimaliza karatasi hii ikunje uifiche, na neno lake hata moja lisifike chumba cha wageni kabla ya Ijumaa. Mama Adero akijua ataomba ruhusa ya siku nzima, tutabaki na keki yetu, na mimi nitaulizwa.

Mama Maryanne Adero anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba, baada ya kuitumikia Shule ya Sarakasi za Angani hapa Kisian kwa miaka ishirini na sita. Aliajiriwa kupika chai. Mwezi huohuo kalamu ya mwanafunzi mmoja ilidondoka mfukoni ndege ilipolala chali angani, ikateleza chini ya viti na kukwama penye nyaya za usukani. Ndege ilitua salama, kwa bahati tu. Mama Adero aliacha birika mezani, akachukua beseni la plastiki, akasimama mlangoni. Tangu siku hiyo hakuna aliyepanda, awe mwanafunzi, mgeni au rubani, kabla ya kumwaga vya mfukoni ndani ya beseni hilo, kisha Mama kumpapasa mifuko mwenyewe.

Wageni wetu wengi ni wapenzi wa ndege. Huja kutoka mbali kuitazama ndege yetu ikijiviringisha juu ya ziwa, na wenye moyo hulipia kiti cha mbele. Wakirudi makwao husimulia habari za Mama Adero kabla ya za rubani. Mwalimu mmoja alipitia soko la Otonglo, akaficha omena, wale dagaa wa ziwani, ndani ya koti. Mama hakuhitaji hata kupapasa.

"Mwalimu, omena wakianza kuruka huko juu, nani atawavua?"

Foleni nzima ilicheka, na mwalimu akacheka zaidi yao. Mheshimiwa mmoja naye alitoa simu tatu, akasema amemaliza. "Baba," Mama akamwambia kwa upole, "ya nne inatetemeka."

Mzee Harbhajan, mfanyabiashara wa mjini, hakutaka kuvua bangili yake ya chuma kwa kuwa ni ya imani yake. Tuliogopa kwamba kungezuka maneno. Mama Adero alileta bendeji, akaifunga bangili mkononi taratibu mpaka isicheze. "Mimi natafuta kilicholegea tu, Mzee. Hii haijalegea." Mzee Harbhajan hurudi kila mwaka, na bendeji huja nayo mwenyewe.

Hata mkuu wa marubani, Kapteni Ravinder, aliwahi kurudishwa akiwa tayari amekanyaga bawa, kisa kijiti cha meno. "Kapteni, kwani huko unaenda kula?" Alirudi. Tangu ile kalamu, hakuna ndege yetu iliyotua na kitu kilicholegea ndani, na hilo tunajivunia kuliko vikombe vyote vya mashindano vilivyo kabatini.

Limebaki jambo moja. Mama Adero hajawahi kupanda. Si woga, kwa maana ndege ikipaa hutoka nje kuitazama, na ikijipinda naye hujipinda na beseni lake kiunoni. Ni sheria yake mwenyewe: hakuna anayejikagua, na mkaguzi ni yeye peke yake. Kila Kapteni alipomwalika, jibu lilikuwa hilohilo: "Na mimi nitakaguliwa na nani?"

Mwaka huu aliombwa amfundishe mtu kazi yake. Nilichaguliwa mimi, niliyefika hapa mara ya kwanza kama mgeni tu kutoka Kaloleni, mpenzi wa ndege, nikatolewa njugu kila mfuko. Sauti yangu ya upole ilimsumbua. "Nyathina, mtoto wangu, ukiwaomba watakudanganya. Waambie." Wiki iliyopita alisimama nyuma yangu nikikagua foleni nzima, kisha akaniachia beseni na kwenda kunywa chai. Ndipo Kapteni aliponivuta pembeni na kuninong'oneza: sasa yuko wa kumkagua Mama.

Basi Ijumaa, baada ya keki, ndege itasogezwa mlangoni ili Mama apande, nami nitasimama na beseni. Aproni yake ina mfuko mkubwa ambao hakuna kati yetu anayejua una nini. Nitamwambia, "Mama, toa vyote." Akishatoa, tafadhali msiniulize nimeona nini. Ya omena aliyasema, lakini mengine aliyoyakuta mifukoni mwetu miaka yote hii hakumwambia mtu.

Asante, Mama, kwa kila tuliyempokea akishuka mzima. Tunakuombea anga safi siku hiyo ukiwa na mifuko mitupu, kisha miaka mingi ya kuijaza upya.

Mwenye ujumbe au mchango wa keki anipate dirisha la pili, saa ya chai, Mama anapokuwa uwanjani. Aulize Griffins Amolo, karani. Ila nawasihi, msipige simu ya ofisi. Anayeipokea ni Mama mwenyewe.