Chai Niliyoacha Kunywa

Nawasalimu nyote, ninyi wa mbele na wale mmejibanza kule nyuma karibu na mlango. Mtaniwia radhi nikiongea nikiwa nimeketi. Nikisema nimesimama mbele yenu, nitakuwa nimeanza ushuhuda wangu na uongo.

Kwa wale hawanijui, mimi ni mama wa hapa juu, karibu na kituo cha kununulia majani chai. Nilichuma chai yangu mwenyewe tangu niolewe. Msimu mmoja wa mvua nikateleza, kikapu kimejaa mgongoni, nikaangukia jiwe. Hospitalini walifanya walichoweza. Nilirudi nyumbani na miguu ambayo hata nikiifinya sisikii kitu.

Ndugu zangu, nawaambia, kuumia sio mbaya zaidi. Mbaya ni kungoja. Nyumba yangu iko kwenye mteremko, mlango una ngazi za mawe, na choo kiko chini kabisa. Kijana yangu ana nguvu, lakini mnajua kwetu: kijana hapeleki mama yake choo. Ni mke wake ndiye alinibeba mgongoni, hata akiwa na mimba. Akienda kuchuma chai, nangoja. Akienda mtoni, nangoja. Siku moja sikuweza kungoja. Alinikuta nalia, akanisafisha, na mimi nikatamani kufa.

Kuanzia hapo nikaacha kunywa chai. Mimi, mkulima wa chai. Asubuhi nalowesha midomo tu. Uji nakataa, maziwa ya mursik nasema yamenichosha. Kichwa kinauma, mkojo unachoma, lakini nikajiambia afadhali kiu kuliko aibu.

Ndipo watu wa mradi wa kusaidia walemavu wakaniletea kiti cha magurudumu. Kilikuwa kinang'aa, tukaimba, tukaomba. Kikaingia ndani na hakikutoka tena. Zile ngazi hakiwezi, na hapo nje, na zile mvua za El Niño, magurudumu yalizama kwa matope. Mke wa kijana yangu akakitandikia kitambaa cha kufuma, kikawa kiti cha wageni. Mchungaji alikipenda sana. Msicheke, yuko hapa ananisikia.

Mradi ulikuwa unatuma watu waangalie kama kiti kinasaidia. Kila wakija, mzee mmoja wa kamati yetu anawatangulia.

"Mama, wageni wako njiani. Useme vizuri."

"Niseme nini?"

"Useme kimekusaidia. Ukilalamika, wale wengine wanangoja viti watakosa."

Basi naketishwa juu ya kiti, nasema kimenisaidia sana, napigwa picha nikicheka. Wakienda narudishwa kitandani. Nilikuwa na hasira, lakini nani ataanza kulalamika juu ya zawadi? Niliona nitakufa ndani ya hiyo nyumba nikishukuru.

Mvua zilipoisha mradi ukatuma mama mmoja, mtu wa upande wa ziwa; yeye na mzee wa kamati wakanikuta bado kitandani. Akaulizia kiti, nikakisifu kama kawaida. Chai ikamiminwa. Akanywa, akaangalia kikombe changu.

"Mama, mbona wewe hunywi?"

"Nimeshakunywa."

Mke wa kijana yangu alikuwa amesimama na chupa ya chai mkononi. Akasema, "Hajakunywa. Huyu hanywangi."

"Kwa nini?"

Nikamwangalia mzee wa kamati. Naye ananiangalia. Nikafikiria wale wanaongoja viti, nikafikiria na mgongo wa huyu msichana. Nikasema, "Nikinywa, nani atanipeleka choo?"

"Na kiti?"

"Kiti ni cha mchungaji."

Yule mama aliweka kikombe chini. Akatoa kile kitambaa juu ya kiti, akakikunja vizuri, akaketi kwenye kiti yeye mwenyewe. Akamwambia mzee wa kamati, "Haya, nisukume mpaka choo."

Mzee alisukuma. Mlangoni wakakwama. Wakasaidiana kukishusha, wakakwama tena kwenye mashina ya chai. Mzee anatoka jasho, mama ameshikilia magurudumu asianguke. Choo hawakufika.

Hakuna mtu alikosa kiti kwa sababu yangu. Mradi ulileta fundi, zile ngazi zikatolewa, pakawekwa njia ya murram, ile changarawe nyekundu. Choo kingine kikachimbwa karibu na nyumba, mlango mpana, na miti ya kushikilia ndani. Na yule mzee wa kamati alikuja na jembe lake mwenyewe akachimba.

Siku ya kwanza nilienda peke yangu. Nikafunga mlango kwa ndani, nikakaa huko hata baada ya kumaliza. Mke wa kijana yangu akaita, "Mama, uko sawa?" Nikamwambia aniache.

Miguu haijarudi, na ile njia mvua inaila kila mwaka. Lakini nashukuru. Nawashukuru akina mama wa kikundi hiki mliobeba murram kwa vichwa. Namshukuru yule mgeni. Na wewe msichana wangu uliyenibeba, mbele ya hawa wote nasema asante, kwa sababu nyumbani nilishindwa.

Ninalowaomba ni hili. Mkienda kumtembelea mtu aliyesaidiwa, msimuulize kama anashukuru. Atawaambia ndiyo. Kaeni naye, muangalie kikombe chake.

Sasa naona kule nyuma wameanza kumimina chai. Yangu ijazeni.