Jina Nisiloliita Kanisani

Jesse, funga mlango. Na wewe Tabitha, acha ng'ombe walie kidogo, majani watakula baadaye. Kaa hapa kitandani, karibu na mto wangu, maana sauti imebaki kidogo na sitaki kuimaliza kwa kupaza. Nisikilizeni, wanangu, wala asinikatize mtu hata kwa kunionea huruma, kwa kuwa mficha maradhi kifo humuumbua, na yangu nimeyaficha miaka kumi na sita.

Jesse, kwa mila kihamba hiki, shamba letu la ukoo, ni chako, wewe kitinda mimba. Mimi nasema kihamba, nyumba na kahawa ni vya Tabitha. Wewe chukua shamba la mpunga la Mabogini, na usinikunjie uso kabla hujasikia sababu.

Mnakumbuka mahafali ya Jesse, Novemba iliyopita. Nilivishwa shada shingoni, wazazi tukaambiwa tusimame, nami nikasimama kifua mbele kama jogoo, watu wakipiga makofi. Nilijivuna, sitawadanganya. Kisha Jesse ukamvisha dada yako joho lako, nawe Tabitha ukanipa simu huku unacheka: "Baba, nipige picha, nione ningekuwaje." Nikakwepa macho yako, picha ikatoka haina kichwa, nikasingizia jua. Halikuwa jua, mwanangu.

Miaka kumi na sita iliyopita, Tabitha, uliomba chuo cha ualimu. Barua za kijiji kizima zilikuja kwa sanduku la usharika, na mimi, mzee wa kanisa, ndiye niliyeita majina baada ya ibada. Mtu akisikia lake anakuja mbele kupokea. Jumapili saba ulikaa benchi la mbele na gauni lako la buluu, ukinitazama mdomo. Barua yako ilifika Jumapili ya tatu. Niliisomea nyuma ya kanisa, nikaona umepokelewa, nikaitia mfukoni. Mama yenu alikuwa amelazwa hospitali ya Mawenzi, Jesse ana miaka saba, ng'ombe wanataka majani ya kupandishwa kutoka tambarare, nikajiambia akae mwaka mmoja tu. Mama yenu hakurudi, na mwaka mmoja ukazaa mwingine. Majani uliyobeba kichwani ndiyo yaliyotoa maziwa, na maziwa ndiyo yaliyomsomesha mdogo wako. Uliponiuliza, "Baba, bado hawajajibu?" nilikujibu, "Hawajajibu, labda hukufaa." Hilo neno la mwisho hakuna aliyenilazimisha kulisema, na ndilo linaloninyima usingizi.

Baba yenu mdogo Isack aliniona nikiificha, akaniambia mpe mtoto haki yake. Nikamfukuza kihambani, nikawatangazia watu kwamba tumegombea maji ya mfereji. Nikifa, yeye ndiye atupe udongo wa kwanza, na mumwombe radhi mbele ya watu, kama nilivyomsingizia mbele ya watu.

Jesse, shahada yako imebebwa na vichwa viwili, usije ukamtambia dada yako hata siku moja. Na hao ng'ombe wanaolia, kuanzia leo majani yao ni juu yako. Ukishindwa kubeba, ajiri mtu.

Nipeni maji... basi, yanatosha.

Tabitha, jana nilijikokota hadi mpakani nikachuma jani hili la isale. Wazee wetu walisema aliyeletewa isale hakatai kusamehe, hata kama ameuliwa mtoto. Nami nimelala nalo usiku kucha nikaona kwamba nikikupa kwa sheria hiyo nitakuwa nimekuamulia mara ya pili. Kwa hiyo jani hili liko hapa juu ya blanketi. Ukitaka, lichukue. Ukitaka, walishe ng'ombe. Sitakulaumu, na mtu asikulaumu.

Mungu awatunze. Mpendane... msigawanyike kwa sababu yangu. Mnizike kando ya mama yenu, kama atanikubali.

Sasa Jesse, fungua jalada la Biblia yangu, pale liliposhonwa. Itoe, nipe mkononi. Mimi mwenyewe. Inueni kichwa changu, nilikuwa naita nikiwa nimesimama.

Tabitha Eliudi.

Tabitha Eliudi... njoo mbele, mwanangu. Barua yako imefika.