Maji Mezani kwa Wakwe

Benchi la Lydiah, muuza kahawa, liko Nkubu, pale barabara ya kwenda hospitali inapokata kona. Tangu mvua ikatike Mzee Kaburu alikuwa hajatulia. Anakaa, anainuka, anatazama simu, anakaa tena. Alikuwa ametoka Georgia, ile ya ng'ambo ya Uturuki, siyo ya Marekani, kuwaona wazazi wa Levan, kijana anayetaka kumwoa binti yake Kiende, anayeishi huko. Tangu arudi, wakwe walikuwa kimya.

— Hebu rudia pale mezani, alisema Mutegi, anayeitwa Wakili kwa sababu ya kesi yake ya shamba isiyoisha.

— Nimerudia mpaka ulimi umechoka! Kule mtu hanywi tu hivi hivi. Kuna mzee wa meza. Anasimama, anasema maneno: ya amani, ya waliokufa, ya watoto. Akimaliza ndio mnakunywa.

— Kama kanisani, alisema Lydiah akimimina kahawa.

— Sasa akafika kwa Kiende na Levan. Akaongea mpaka machozi. Akanipatia pembe imejaa divai. Pembe haina kitako, huwezi kuiweka chini mpaka uimalize. Na mimi, Lydiah, sijaonja pombe tangu niokoke. Nikamrudishia. Nikainua glasi ya maji.

— Wakafanya nini?

— Mama yake Levan akatoka nje. Kesho yake dereva wa teksi ndio ananiambia, kuinulia watu maji ni kama kuwatakia mkosi.

Gachoki, ambaye wote humwita Juba kwa sababu aliendesha lori huko, alipiga goti kofi.

— Umemaliza hiyo ndoa, mzee! Kwani hapa kwetu, tukileta pombe ya asali na baba ya msichana aikatae, si amesema hapana?

Kaburu aliketi ghafla. Hilo hakuwa amelifikiria.

— Hiyo ni kesi, alisema Wakili. Wanaweza kukushtaki kwa ubalozi.

— Ubalozi gani? Hao wamepeleka hiyo glasi kwa mganga wao. Wajukuu watazaliwa wakiogopa mvua!

— Juba, wacha hizo! alisema Lydiah.

— Basi atume debe la asali kwa ndege, alisema Wakili.

— Asali ni kidogo. Atume mbuzi mzima.

— Mbuzi kwa ndege?

— Kwani simba wa maonyesho hufika Ulaya na miguu?

Walicheka. Kaburu hakucheka. Alikuwa akimwona yule mama akitoka nje, akijifuta uso kwa aproni. Akainuka tena.

Mwishoni mwa benchi alikaa mama mmoja mgeni, akingoja saa ya kuona wagonjwa ifike. Alisogea karibu na Kaburu.

— Samahani, mzee. Na Kiende mwenyewe amesema nini?

Wote wakamgeukia Kaburu.

Alikuwa ameongea na Kiende mara nyingi, juu ya majani chai, juu ya baridi ya huko. Hilo hakumuuliza. Aliogopa jibu.

Akapiga.

— Kiende. Ile siku, pale mezani...

Kiende alimkatiza.

— Baba, ulikataa divai, ama ulimkataa Levan?

— Divai, mwanangu. Divai peke yake!

Alimsikia akishusha pumzi.

— Na mbona hukusema? Hapa watu hawalali. Baba yake Levan anataka kupiga, anaogopa utamkatia simu. Tuko naye hapa jikoni. Mwambie wewe mwenyewe.

— Nitamwambia na lugha gani?

— Yoyote. Levan atatafsiri.

Simu ilikwaruza. Kisha sauti nzito ya mwanaume, polepole, kama mtu anayebisha mlango asiojua kama utafunguliwa:

— Kaburu?

Juba alifungua mdomo, Lydiah akamkanyaga mguu. Mzee Kaburu alivua kofia, akasimama wima kandokando ya barabara.

— Ndiyo, mkwe, alisema. Ni mimi. Niko hapa.