Mhudumu Aliyenusa Hewa ya Ndege

Ndugu, jamaa na marafiki, familia imenituma mimi, mdogo wa marehemu anayemfuata, nisome haya ya maisha yake mbele yenu, nami nitayasoma kama yalivyokuwa.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1974, katika wodi ya wazazi ambako mama yetu alikuwa muuguzi, akiwa mtoto wa pili kati ya watano, na jina la Pua alilipata nyumbani, kwa sababu ukimpa sare tano zilizofuliwa pamoja alizinusa moja moja akasema hii ya nani na hii ya nani, wala hakukosea. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1981 hadi 1987, sekondari hadi 1991, kisha akachukua mafunzo ya hoteli, na tarehe 2 Mei 1996 akaajiriwa kuwa mhudumu wa ndani ya ndege, kazi aliyoipenda kupita kiasi, hata mezani kwetu alikuwa akigawa sahani kuanzia nyuma kwenda mbele.

Tarehe 18 Desemba 1999 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi wa majokofu, mtu mpole asiye na maneno mengi, wakajaliwa binti mwaka 2001 na mvulana mwaka 2004.

Ilikuwa Agosti 2011 alipoanza kutueleza juu ya harufu, akisema ni kama soksi zilizolowa zikakaukia miguuni, inaingia injini zinapowashwa na inapotea kabla mtu hajauliza, na shemeji, anayejua mambo ya mabomba, akamfafanulia kwamba hewa ya ndani ya ndege nyingi hupitia kwenye injini kwanza, hivyo mafuta yakivuja huko, abiria wanayavuta. Aliripoti mara sita, na mara sita akajibiwa kwamba hewa imepimwa na iko salama.

Asubuhi ya tarehe 21 Februari 2014, ndege ikiwa imejaa, harufu ile iliingia na safari hii haikuondoka. Alipotazama viti aliona abiria wameinamisha vichwa, wengi upande mmoja, wamelala na vitabu vyao viko wazi, na mtoto mchanga aliyelia tangu ndege inaruka amenyamaza, macho yake yakiwa wazi, huku mhudumu mwenzake amesimama katikati ya njia akimimina chai kwenye kikombe kilichokwisha kujaa, anatabasamu, chai inamwagika kwenye viatu vyake naye hasikii. Miguu ya dada ilikuwa mizito kama si yake, lakini alijikokota hadi kwenye simu ya ukutani akampigia rubani, akamwambia, “Kepteni, hewa imeharibika, vaa oksijeni sasa hivi, tutabishana tukishatua.”

Rubani alimuuliza yeye ni nani, ingawa walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka minane. Dada akarudia maneno yale yale, taratibu, mpaka aliposikia pumzi za rubani zimebadilika ndani ya barakoa.

Walitua salama baada ya dakika kumi na saba, na abiria wakashuka wakipikicha macho, wengine wakimshukuru kwa safari tulivu, wala hakuna aliyejua. Mafundi waliifungua injini wakakuta mafuta yamevuja, na siku ya tatu ndege ile ikarudi angani.

Kuanzia hapo mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka, maneno yakawa yanamponyoka, akitaka kusema kijiko anasema dirisha, na harufu ikamfuata mpaka nyumbani, ambako sisi wengine hatukunusa kitu. Aliacha kazi tarehe 30 Juni 2016. Madaktari hawakuandika kwamba ni hewa iliyomfanya hivyo, nasi hatutasema wasilolisema, ila wenzake kumi na mmoja walikuja sebuleni kwake, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na mtetemeko wake, wakatia sahihi barua aliyoitunga kulitaka shirika la ndege lipime hewa wakati wote wa safari, na leo ndege zile zina kifaa cha kunusa mafuta. Alifariki tarehe 6 Oktoba 2019, saa nne asubuhi, shemeji akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomsikiliza hata pale maneno yake yalipogeuka. Tunamshukuru rubani yule, aliyeketi nasi hapa, kwa kutobishana. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake. Na majirani zetu, ninyi ambao mwaka wake wa mwisho alikuwa akiwapitia mlango kwa mlango mchana kweupe, amevaa sare, akiwaomba mfunge mikanda, asanteni kwa kuwa hamkumcheka hata siku moja, mliketi kwenye viti vyenu mkamwambia, “Tumeshafunga, dada.”

Dada, abiria wote wameshuka salama. Nawe sasa keti, upumzike kwa amani.