Marundo Tisa ya Sajini Mwatum binti Kheir

Kwa jina la Mola aliyetuumba wanawake kwa wanaume, nasoma wasifu wa mama yangu mzazi, marehemu Mwatum binti Kheir Mcha, leo Jumapili tarehe 18 Mei 2025, siku ya khitma yake, hapa nyumbani kwake Kikwajuni. Mimi ni Nasima, mtoto wake wa kwanza. Kina mama mliomo ndani mnanisikia. Kina baba mlioko nje chini ya turubai, mdogo wangu Haitham amewafungulia spika, kwa hiyo nanyi mtanisikia mpaka mwisho.

Wasifu wa marehemu ulishasomwa juzi Ijumaa makaburini Mwanakwerekwe. Sisi wanawake hatwendi makaburini, ndiyo mila yetu na sina ugomvi nayo. Lakini Haitham alikuwepo, akarudi amefura. Karatasi iliyosomwa ilitoka kikosini kwake, na ilisema marehemu alikuwa mchapakazi, mcheshi, na mpishi hodari ambaye "hatutaisahau pilau yake siku ya kutia saini mkataba wa amani." Basi. Miaka thelathini na tano ya utumishi, kilichobakia ni pilau. Kikosi chenyewe sikitaji jina, wahusika mnajijua. Wasifu huu nimeuandika ili asije mjukuu wake siku moja akaisoma karatasi ile akaamini.

Marehemu alizaliwa Makunduchi tarehe 12 Machi 1966, mtoto wa pili wa mzee Kheir Mcha na Bi Mayasa. Kaka yake mkubwa ni mjomba wangu Ayoub, ambaye yuko hapo nje. Bibi Mayasa alikuwa mchokoa pweza, na marehemu alianza kufuatana naye mwambani akiwa na miaka sita. Alituhadithia kwamba siku moja alipotea huko nje, maji yanajaa, akalia. Bibi hakumkimbilia. Alimwita kwa mbali, "Mwatum!" Naye akajibu, "Naam!" Bibi akamwambia, "Tazama miguu yako. Majani yamelalia wapi?" Akatazama majani ya bahari yamelala kuelekea nchi kavu, akayafuata mpaka akatoka. Tangu siku hiyo, alikuwa akisema, hakupata kupotea tena pahala penye maji.

Alisoma skuli ya msingi kijijini kwao na sekondari hapa mjini, akamaliza mwaka 1984. Mwaka 1986 alijiunga na kikosi pamoja na wasichana wengine watatu. Buti ndogo kabisa iliyokuwepo ghalani ilikuwa namba nane. Yeye mguu wake ulikuwa namba tano. Alipouliza, aliambiwa jeshi halina viatu vya kike. Alichana kanga kuukuu ya mama yake, akazijaza buti zile matambara, akapiga kwata nazo. Alitembea hivyo kwa miaka minne. Wale wenzake watatu waliacha mmoja mmoja, na kila alipoacha mmoja wakubwa walisema, "Mnaona? Wanawake hawadumu."

Mwaka 1990 aliolewa na marehemu baba yetu, Hafiz Mabrouk, fundi seremala wa hapa hapa Kikwajuni. Kwa ndugu za baba palikuwa na maneno: mke gani huyu anayevaa sare na kulinda usiku? Baba alikuwa mtu wa maneno machache. Alichukua vipande viwili vya mti wa mfenesi, akachonga umbo la mguu wa mama, akampelekea fundi viatu wa Darajani amshonee buti namba tano. Hiyo ndiyo zawadi yake ya harusi, na mama alikuwa akizipaka rangi kila Ijumaa huku akiimba. Baba alifariki mwaka 2014. Mama alisema kwamba katika maisha yake yote ni mwanamume mmoja tu aliyempima mguu kwanza kabla ya kumwambia atembee vipi.

Sasa niseme ya kazi, na hapa naomba mnistahamilie.

Marehemu alipata usajini mwaka 1999. Alistaafu mwaka 2021 akiwa sajini. Mara tatu aliitwa kwenye usaili wa kupandishwa kuwa ofisa, na mara zote tatu aliulizwa swali moja: "Watoto utamwachia nani?" Mara ya tatu mimi nilikuwa nimeshaolewa, na Haitham ana ndevu. Mama aliwajibu, "Nitawaachia waume na wake zao." Hawakucheka. Hawakumpa.

Lindo alilofanyia kazi muda mrefu halikuwa na choo cha wanawake. Aliomba kijengwe, kwa maandishi, mwaka 1995, 2001, 2008 na 2015. Nakala za barua ninazo. Jibu la mwisho lilisema ombi limepokelewa. Askari wa kike walikuwa wakijizuia tangu jioni mpaka asubuhi, au wanaomba nyumba za watu. Na kwa kuwa hapakuwa na choo, mwishowe ikaandikwa kwamba wanawake wasipangiwe tena lindo lile, na kwa kuwa hawalindi tena, ikaandikwa kwamba hawana uzoefu wa kupandishwa cheo. Nimeisoma karatasi hiyo kwa macho yangu. Aliyeitia saini anakula ubwabwa wetu hapo nje, na namkaribisha aongezwe.

Nije kwenye mkataba. Mwaka 2016 vijiji viwili vya pwani ya mashariki viligombana kwa ajili ya mwamba wa pweza na mashamba ya mwani. Sitavitaja, kwa sababu vimeshapatana na watu wake wamo humu ndani wamekaa busati moja. Lakini msiusahau ugomvi ule. Mtu alitolewa jicho. Nyumba mbili zilitiwa moto. Watoto wa kijiji kimoja waliacha kwenda skuli kwa kuwa njia ilipita kijiji cha pili. Ikaundwa Kamati ya Maridhiano ya Pwani, wanaume kumi na wanane, mwenyekiti wake mjomba Ayoub. Kikosi kikamtoa Afande Wakil kuwa mshauri wa usalama, na mama akapelekwa kuwa karani wa kuandika mihutasari. Kamati ilikaa miezi kumi na moja. Katika miezi hiyo hawakumwita mwanamke hata mmoja, ilhali wanaoingia kwenye mwamba ule kila bamvua, maji yanapotoka sana, kulima mwani na kuchokoa pweza, wengi wao ni wanawake.

Kamati iliamua kuweka mpaka kwa maboya. Wakapanda boti ya kikosi, wakenda maji yamejaa, kwa kuwa boti haiwezi kwenda maji yakitoka. Wakatupa maboya matano. Mama alikuwemo na daftari lake. Maneno yaliyosemwa ndani ya boti nimeyapata kwa mama mwenyewe na kwa nahodha, na yanalingana.

"Afande," mama alisema, "kamba hii ina pima sita, na hapa maji pima mbili. Boya halitakaa. Maji yakijaa litalala huku, yakitoka litalala kule."

"Sajini, wewe unaandika au unavua?"

"Nnaandika, Afande. Lakini mpaka huu utatembea."

"Tupe maji ya kunywa, mama."

Mpaka ukatembea. Kijiji hiki kilipima asubuhi, kile kikapima jioni, tofauti yake hatua thelathini, na kila kijiji kikaapa kuwa wenzao wamelisogeza boya usiku. Wiki ya tatu watu wawili walikatwa mapanga. Kamati ikakutana kwa dharura, ikaandika kwamba wananchi hawana elimu ya mpaka.

Marehemu akaomba likizo yake ya siku kumi na nne. Akavua sare, akavaa kanga, akenda kwa Bi Maisara wa kijiji cha kaskazini, na siku ya pili kwa Bi Shemsa wa kijiji cha kusini. Wote wawili wamo humu. Bi Shemsa ameniruhusu niseme kwamba mwanawe ndiye aliyetolewa jicho. Alimwambia mama, "Mie na Maisara? Mwanawe ndiye alompiga wangu. Nkae nae wapi?" Mama akamwambia, "Sikwambii mkae. Nakwambia msimame, maji yakitoka, kila mtu na upande wake. Mwonyeshane kwa mkono tu."

Bamvua hilo walisimama wanawake kumi na wawili, hatua ishirini baina yao, hawasemezani. Wakaonyeshana kwa mkono. Bamvua la pili walikuwa ishirini na sita, wakaanza kusemezana, na kutukanana pia. Bamvua la tatu walikuwa arobaini na mmoja. Siku hiyo walibeba mawe ya mwamba kwa makapu, wakajenga marundo tisa, na kila rundo wakalipangia wanawake wawili wa kulitunza, mmoja wa kila kijiji. Kila bamvua wale wawili wanakwenda pamoja, wanalitazama, wanalirudishia mawe yaliyoanguka. Hawezi mmoja kulisogeza mwenzake asijue. Wakarudi makwao, kila mmoja akawaambia mumewe na wanawe wasivuke upande wa pili. Miaka minane sasa, hajakatwa mtu.

Kamati iliposikia kwamba mawe ni marundo tisa na watu wametulia, haikwenda hata kuyaona; tarehe 14 Aprili 2018 mkataba ukatiwa saini ukumbini hapa mjini. Mkataba unasema, nanukuu, "Kamati ilifanikiwa kuweka alama tisa za mawe." Viti vilikuwa kumi na vinane. Saini kumi na nane. Mama alifika na sare yake iliyopigwa pasi na buti zake namba tano, akatazama kiti, hapana. Afande Wakil akampangia asimamie chakula nyuma ya ukumbi, pamoja na Bi Maisara na Bi Shemsa waliokuja wakidhani wameitwa kutia saini. Ndiyo hiyo pilau. Usiku alivua buti akaniambia, "Nasima, leo nimepika amani na pilau, wenzangu wamekula vyote viwili." Halafu akalia, na mimi sikuwahi kumwona mama akilia kwa ajili ya kazi.

Maradhi ya figo yalimwanza mwaka 2022. Daktari hakusema kwamba yametokana na miaka ile ya kujizuia lindoni, na mimi si daktari, simsingizii mtu. Nasema tu kwamba barua ziko nne. Alikuwa akisafishwa damu mara tatu kwa wiki, na baina yake akipata nguvu aliomba apelekwe pwani. Mwezi wa Machi mwaka huu mjomba Ayoub alikuja kumtazama. Mkataba unatakiwa kuhuishwa mwezi ujao wa Juni, na Kamati haikujua marundo yako wapi. Alikuja na ramani.

"Mwatum, nionyeshe hapa kwenye karatasi."

"Kaka, muulize Maisara."

"Mie nende mwambani nikaulize wanawake?"

"Basi msaini ramani tupu," mama akasema, akageukia ukutani.

Alifariki alfajiri ya Ijumaa tarehe 16 Mei, akiwa na miaka hamsini na tisa, mkono wake umo mkononi mwangu. Neno lake la mwisho lililoeleweka aliuliza kama maji yametoka. Nikamwambia yametoka. Kweli yalikuwa yanajaa, lakini nilimwambia yametoka.

Jana, siku ya pili ya msiba, Afande Wakil alituma vijana wawili na gari. Waliomba sare, tukawapa. Wakaomba "daftari la mawe." Wakafungua kabati la marehemu mbele ya wajukuu zake, wakatoa hata nguo zake za ndani. Sitaki kuyasema zaidi haya, ninaogopa ulimi wangu. Nawaambia tu kwamba daftari hilo halipo wala halikuwepo. Mtu aliyeandika mihutasari yenu yote miezi kumi na moja, jambo hili moja hakuliandika, na alifanya hivyo kwa makusudi.

Mjomba Ayoub, shikamoo. Najua uko hapo nje na najua unalia, kwa kuwa Haitham ananiashiria. Wewe ndiye uliyeisoma ile karatasi ya pilau kaburini kwa dada yako. Nakuheshimu kama mama alivyokuheshimu mpaka mwisho, na sijakusamehe. Njia unayo, nami nataraji utaishika.

Marehemu ameacha watoto wawili, mimi Nasima na Haitham. Wajukuu watano, mkubwa wao Ulfat, ambaye mwezi uliopita aliapa kwamba akitimiza umri atajiunga na kikosi kile kile, na buti za bibi yake zinamtosha. Kaka mmoja, mzee Ayoub Kheir. Na wanawake arobaini na mmoja wa vijiji viwili, ambao majina yao, yote kwa yote, yamechapishwa nyuma ya karatasi hii kwa kuwa hayakuchapishwa kwingine kokote.

Kamati inayotaka kujua marundo yalipo, bamvua ni Jumatano tarehe 28 Mei, maji yatakuwa yametoka saa nne asubuhi. Bi Maisara na Bi Shemsa watakuwepo na wenzao, na mkataba mpya watakuja nao wao, majina yao yapo juu, na nafasi ya saini zenu wamewaachia chini. Boti haifiki. Mtavua viatu na mtakwenda kwa miguu.

Ewe Mola wetu, mpokee Mwatum binti Kheir, msamehe alipokosea, na umpanulie kaburi lake, maana sisi huku tulimnyima hata kiti.