Msanii Hajulikani

Nianze na kosa langu, maana Mungu analijua na tangu jana kijiwe nacho kinalijua. Mimi Rubeni, mtunza stoo wa kwaya ya usharika, ndiye niliyechoma moto karatasi zote za CD zetu, zile zenye majina ya nyimbo na waimbaji. Zilikuwa zimeota kuvu kwa ukungu wa huku kwetu, nami nilishaziingiza nyimbo kwenye kompyuta ya mtumba ya ofisi ya usharika, nikajiambia karatasi za nini tena. CD zenyewe, nyeupe hazina hata alama, nikampa shemeji yangu azitundike shambani zifukuze ndege. Basi jana Alhamisi, siku ya gulio, tumekaa kwa Hamza muuza kahawa, nyuma ya stendi ya Lushoto, kwenye ule ubao wetu wa watu wanne. Nilikuwa na Kassimu, tunayemwita Profesa kwa kuwa aliwahi kufagia ofisi yenye kompyuta kule Tanga, na Rajabu, tunayemwita Soko Huria kwa kuwa hilo ndilo analolilaumu hata mvua ikichelewa. Ndipo akatokea Paskali, dereva wa lori la chai. Hakutoa hata onga mshi, salamu yetu ya Kisambaa.

Paskali: Rubeni, mke wangu yuko wapi?

Mkewe, Scholastica, alifariki mwaka jana. Jumapili hii tunaweka msalaba kaburini, na Paskali amewaahidi watoto kwamba watamsikia mama yao akiongoza ule wimbo mmoja aliorekodi na kwaya.

Mimi: Yumo kwenye kompyuta, kaka.

Paskali: Tangu Jumatatu naambiwa yumo kwenye kompyuta! Nimetoka ofisini kwenu sasa hivi, nimefunguliwa hiyo kompyuta. Nyimbo mia mbili na kitu. Wimbo wa kwanza, wimbo wa pili, wimbo wa kwanza tena, wimbo wa pili tena! Na juu yake imeandikwa kwa Kiingereza, msanii hajulikani. Hajulikani na nani? Nimezaa naye watoto wanne!

Profesa: Taratibu, kaka. Kosa ni la programu. Rubeni, ulinakili kwa ipi?

Mimi: Ile ya bure, iliyokuja na kompyuta. Inamaliza CD nzima kahawa haijapoa. Kila ilichouliza, nikabonyeza ndiyo.

Profesa: Umeona! Ungechukua ile ya polepole, inayosoma kila kipande mara mbili. Wahenga walisema, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Rajabu: Hiyo inakataza kuchelewa, Profesa.

Profesa: Inakataza kuchelewa vibaya. Hii inachelewa vizuri. Halafu majina programu haiyajui yenyewe, inayauliza kwenye intaneti. Inapima urefu wa nyimbo, inauliza Ulaya: CD hii ya nani? Ulaya wanajibu.

Mimi: Iliuliza. Ile CD ya Pasaka ikajibiwa ni ya bendi ya disko ya Ujerumani.

Rajabu: Soko huria hilo! Mashamba ya chai wamechukua, mkonge wamechukua, leo Pasaka yenu imebinafsishwa!

Paskali: Rajabu, nitakumwagia hii kahawa usoni.

Hamza: Usimwage, birika linakaribia kwisha.

Rajabu: Sitanii, kaka. Wimbo ukiingia mle unabanwa. Ulikuwa gunia, unatoka punje ya ulezi. Sasa kile kinachopunguzwa kinakwenda wapi?

Profesa: Kinatupwa.

Rajabu: Nani dunia hii anatupa mali? Kinakusanywa! Bandu bandu huisha gogo. Baada ya miaka kumi watatuuzia kwaya yenu kwa dola, na sisi tutapanga foleni.

Profesa: Ndiyo maana nasema, twende kwenye programu ya kulipia. Kuna ya majaribio, siku thelathini bure.

Rajabu: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku thelathini huyo si mgeni, ni kupe.

Profesa: Lakini ina sikio! Nimesikia inatofautisha sauti ya aliyekufa na ya mzima, kila mmoja inamweka kwenye folda yake.

Mimi: Profesa, kazi hiyo ina mwenyewe, na siku yake bado.

Paskali akaupiga ubao ngumi, vikombe vikaruka.

Paskali: Basi! Sitaki programu. Nataka CD zenyewe kabla ya Jumapili. Ziko wapi?

Akajibu Rajabu, tena bila huruma.

Rajabu: Ziko kwa shemeji yake. Nimeziona kwenye njegere.

Paskali: Kwenye nini?

Rajabu: Zinafukuza ndege.

Paskali: Sauti ya mke wangu inafukuza ndege? Rubeni! Wewe ndiye unayebeba Biblia kubwa kuliko ya mchungaji?

Akasimama mbele yangu. Nikajua ananipiga, na moyoni nikakubali, maana ningeona ni haki. Wakati huohuo akafika binti mmoja na kikapu cha iliki na mdalasini. Anaitwa Zuhura, amehamia juzi kutoka Muheza, humletea Hamza viungo vya kahawa.

Zuhura: Shikamooni.

Sote: Marahaba.

Zuhura: Samahani, baba zangu, nimewasikia tangu kule barabarani. Hizo nyimbo, mmezisikiliza?

Tukatazamana.

Profesa: Ni mia mbili na kitu, binti.

Zuhura: Si mpaka Jumapili? Mimi jioni sina kazi, nitakaa nanyi tuzisikilize. Niambieni tu, sauti yake ilikuwaje? Nyembamba au nzito?

Tukamgeukia Paskali. Hasira yote ilikuwa imemtoka, mikono inaning'inia. Jumapili zake zote alikuwa njiani na lori.

Paskali: Nyumbani alikuwa haimbi, hata wimbo wenyewe siujui. Au aliimba nikiwa Kwamkoro kupakia chai.

Wakanigeukia mimi. Miaka yote ile nilikaa nyuma ya kwaya nikilinda majoho yasipotee, na sikuwahi kuitenga sauti yake na za wenzake, wala kujua wimbo upi aliongoza. Profesa na Rajabu ni watu wa msikitini, wangejulia wapi? Hamza akainamisha birika kwenye kikombe cha binti. Halikutoka hata tone.

Wanakwaya waliosimama naye nimekuwa nikiwakwepa, kwa sababu kuwauliza ni kuwaambia nilichofanya. Sasa nimeshasema. Wewe uliyeimba ubavuni mwake, au uliyekaa tu benchi la wanawake ukamsikia, nakuomba: kesho Jumamosi, saa kumi jioni, njoo ofisi ya usharika ukae nasi mbele ya ile kompyuta. Ukimsikia, utuambie, ndiye huyu.